Goti, meza au bunduki chini? Jinsi jeshi linavyosalimu amri

Swali limetoka kwa mwalimu wa historia wa Sumbawanga: "Shule yetu inataka kuigiza siku von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani wa Afrika Mashariki, aliposalimu amri Abercorn mwaka 1918. Wanafunzi wamegawanyika. Kuna wanaotaka apige goti na kumkabidhi Mwingereza upanga. Wengine wanataka meza, kalamu na hati, kama walivyoona kwenye picha za Japani ya 1945. Na wote wanauliza: kama vita viliisha tarehe 11 Novemba, mbona yeye alisalimu amri tarehe 25? Utaratibu hasa ulikuwaje?"

Mwalimu, pande zote mbili zimekosea, ila kila upande umeshika kipande cha ukweli wa mahali pengine. Abercorn, ambayo leo ndiyo Mbala, ng'ambo tu ya mpaka kutoka kwenu, hakuna aliyepiga goti wala aliyetoa upanga. Kulikuwa na gwaride, maneno machache yaliyosomwa mbele ya bendera, kisha bunduki zikalazwa chini. Mambo magumu yote yalikuwa yameamuliwa siku kadhaa kabla, na yaliyoharibika yaliharibika baada ya gwaride. Mkiigiza gwaride peke yake mtakuwa mmechagua sehemu iliyo rahisi kuliko zote.

Nianze na tarehe, maana ndiyo inayowachanganya hata watu wazima. Kusitisha mapigano na kusalimu amri ni mambo mawili. Kanuni za Hague za mwaka 1907, yaani sheria za kimataifa za vita zilizokuwa zikifuatwa wakati ule, zinasema katika kifungu cha 36 kwamba kusitisha mapigano kunasimamisha shughuli za kijeshi kwa mapatano ya pande mbili. Basi. Kila mmoja anabaki na bunduki zake na mahali pake, na kama hakuna muda uliowekwa, vita vinaweza kuanza tena baada ya kupeana taarifa. Kusalimu amri ni hatua nyingine: kikosi kinachotajwa kinakoma kuwa kikosi, silaha zinahamia kwa adui, na watu wanakuwa mikononi mwake. Kifungu cha 35 kinataka masharti yake yazingatie heshima ya kijeshi, na yakishakubaliwa pande zote mbili zinabanwa nayo. Kilichofanyika Ufaransa asubuhi ya tarehe 11 Novemba ni hilo la kwanza. Hilo la pili, kwa jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki, lilihitaji kupangwa peke yake.

Na lilipangwa kwa shida, kwa sababu hakuna aliyeweza kumpata mhusika. Mapigano yalikoma Ulaya saa tano asubuhi ya tarehe 11. Huku Lettow-Vorbeck alikuwa ndani ya Rhodesia Kaskazini (Zambia ya leo), amekwisha kuiteka Kasama, na watu wake wa mbele wanaelekea mto Chambezi. Jenerali van Deventer, mkuu wa majeshi ya Uingereza upande huu, alituma telegramu tarehe 12 akiagiza apelekewe chini ya bendera nyeupe. Haikumfikia hivyo. Mwendesha pikipiki aliyebeba habari hiyo kuwapelekea Waingereza wenzake alipita Kasama akakamatwa na Wajerumani, na ndiyo namna kamanda wao alivyojua tarehe 13 kwamba vita vimesimama. Ofisa wake, Kapteni Müller, alimfuata kwa baiskeli kumpa habari. Hapo pana onyesho zuri kuliko gwaride lenyewe, na vifaa vyake ni pikipiki moja na baiskeli mbili, kwa kuwa naye Lettow-Vorbeck alikuwa juu ya baiskeli akitafuta mahali pa kupiga kambi.

Kuhusu bendera nyeupe, wasahihishe wanafunzi mapema. Maana yake si "tumeshindwa". Maana yake ni "nataka kuzungumza". Kifungu cha 32 cha kanuni zile za Hague kinamruhusu mjumbe aje na mpiga tarumbeta au ngoma, mshika bendera na mkalimani, na wote hao hawaguswi. Tarumbeta si pambo: kitambaa cheupe kwenye nyasi ndefu hakionekani hata kwa hatua mia, lakini mlio unasikika. Kamanda wa upande wa pili halazimiki kumpokea mjumbe kila anapokuja, na anaruhusiwa kuchukua tahadhari ili mgeni asitumie nafasi hiyo kupeleleza.

Tarehe 14, kwenye mto Chambezi, Lettow-Vorbeck alikutana na Hector Croad, hakimu Mwingereza wa Kasama, akasomewa masharti ya van Deventer. Yalikuwa matatu. Kwanza, mateka wote wa Washirika (Uingereza na nchi zilizopigana upande wake), Wazungu na Waafrika, waachiwe mara moja. Pili, jeshi lote liende Abercorn bila kukawia. Sababu iliyotajwa ni chakula: hapo ndipo karibu zaidi ambapo Waingereza wangeweza kulilisha. Tatu, silaha na risasi zikabidhiwe hapo hapo Abercorn. Kisha likaongezwa jambo moja la hisani, kwamba yeye, maofisa wake na Wajerumani wengine wangebaki na silaha zao binafsi kwa wakati huo, kwa jinsi walivyopigana. Hisani hiyo haikuwagusa askari Waafrika. Kumbuka jambo hilo, litarudi.

Sasa swali la mamlaka, ambalo ndilo huvuruga kusalimu amri kuliko jambo lolote. Kamanda anayeambiwa na adui kwamba serikali yake imekubali ana haki ya kuuliza: nitajuaje? Masharti yalisomeka kwamba kifungu cha 17 cha mapatano ya Ulaya kinataka jeshi la Afrika Mashariki lisalimu amri bila masharti katika mwezi mmoja. Lettow-Vorbeck alipeleka telegramu kwa Kaizari kueleza alilotendewa, na ilibidi ipitie kwa Waingereza hao hao, kwa vile hakuwa na njia nyingine. Wakati huo Kaizari alikuwa tayari ameng'olewa na kukimbilia Uholanzi. La kushangaza ni kwamba kifungu cha 17 kama kilivyotiwa saini kilizungumzia kuondoka kwa majeshi hayo katika muda ambao Washirika wangeupanga. Maneno ya kusalimu amri yalikuwa ya rasimu ya awali na yalibadilishwa mezani. Masharti aliyosomewa porini hayakulingana na karatasi iliyotiwa saini, na mtu wa kumwambia hakuwapo.

Kasoro ya mamlaka hurudi vita baada ya vita. Tarehe 7 Mei 1945, saa nane na dakika 41 usiku, Jenerali Jodl alitia saini mjini Reims kwa niaba ya majeshi yote ya Ujerumani. Wasovieti walikataa kulihesabu tendo hilo kuwa limekamilika, ingawa ofisa wao, Susloparov, alikuwa ametia saini. Walitaka lifanyike Berlin, na wakuu wa Wajerumani wenyewe watie saini. Likarudiwa Karlshorst usiku wa tarehe 8: Keitel, mkuu wa makao makuu ya majeshi ya Ujerumani, akiwa na von Friedeburg wa jeshi la maji na Stumpff wa jeshi la anga. Kwa sababu ya saa za Moscow, Urusi inaadhimisha tarehe 9 na Ulaya Magharibi tarehe 8. Mfano mwingine ni Luteni Hiroo Onoda wa Japani, ambaye vita viliisha 1945 lakini yeye akabaki msituni kisiwani Lubang, Ufilipino, hadi Machi 1974. Vipeperushi vilidondoshwa, ndugu wakaita kwa vipaza sauti, asitoke. Alitoka aliyekuwa mkuu wake, Meja Taniguchi, alipopelekwa kumsomea amri ana kwa ana. Askari hatii habari, anatii amri, na amri sharti itoke kwa mtu anayemtambua.

Turudi Abercorn. Kutoka Chambezi ni zaidi ya kilometa 200, na walitembea kwa miguu na mizigo yao, wamelishwa njiani, wakafika tarehe 25. Hiyo ndiyo sababu ya kawaida kabisa ya zile siku 14: habari ilichukua siku mbili kufika, na miguu ikamaliza nyingine.

Waliofika walikuwa Wajerumani 155, askari Waafrika wapatao 1,160 na wapagazi zaidi ya 1,500, pamoja na wanawake na watoto waliofuatana na jeshi. Hesabu za askari na wapagazi hutofautiana kidogo kati ya orodha za pande mbili, kwa hiyo msizozane juu ya kumi au ishirini. Schnee, gavana wa koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, naye alikuwamo. Silaha zilikuwa mzinga mmoja wa Kireno, bombomu (bunduki za rashasha) 37, bunduki 1,071 na risasi kama 208,000. Hapa nawaomba waigizaji wawe waangalifu: bunduki hizo 1,071 zilikuwa za Kiingereza na Kireno, zilizotekwa vitani. Hata kati ya bombomu, zilizotengenezwa Ujerumani zilikuwa 7 tu. Ukiwavalisha vijana sare safi na kuwapa bunduki za Kijerumani zinazofanana, umeigiza jeshi la mwaka 1914, si hili.

Mpangilio wa uwanja ulikuwa hivi. Aliyepokea ni Brigedia Jenerali Edwards, na nyuma yake gadi ya heshima ya KAR (King's African Rifles, jeshi la askari Waafrika wa Uingereza), chini ya bendera ya Uingereza. Lettow-Vorbeck aliingia akiongoza safu zake, akasimama mbele ya bendera, akapiga saluti. Akatoa daftari dogo mfukoni, akasoma tamko la kusalimu amri kwa Kijerumani, kisha akalirudia kwa Kiingereza. Edwards akajibu kwamba anapokea kwa niaba ya Mfalme George wa Tano. Wakatambulishana maofisa. Ndipo ikatolewa amri ya kulaza silaha: bunduki chini, mikanda na mifuko ya risasi juu yake, safu ikaondolewa mikono mitupu, ikaja nyingine. Wapagazi walifuata nyuma. Mfuatano huo usiuvuruge. Tamko huja kwanza kwa sababu bila tamko hakuna amri, na silaha huja mwisho kwa sababu jeshi lililokwisha kunyang'anywa silaha halina tena cha kusalimisha. Acheni tamko lisomwe kwa Kijerumani hata kama wazazi waliokaa kutazama hawataambulia neno. Wengi waliosimama uwanjani siku ile lugha yao ya kambini ilikuwa Kiswahili, nao walisimama vile vile wakisikiliza wasichokielewa.

Bunduki hazirundikwi ovyo, na sababu ni usalama na hesabu. Kila kombania inapewa mstari wake, chemba zinakaguliwa kwamba ni tupu, risasi zinawekwa mbali na bunduki, na karani anahesabu mstari kwa mstari kabla safu inayofuata haijaingia. Bila hivyo unapata mambo mawili: mtu anafyatua kwa bahati mbaya katikati ya watu elfu mbili wenye wasiwasi, au orodha ya jioni hailingani na ile iliyotolewa asubuhi, na kila upande unamshuku mwenzake kwa kuficha silaha.

Meza ya Japani ni utaratibu wa aina nyingine, nao una mantiki yake. Pale haikusalimu kikosi kilichosimama uwanjani, ilisalimu dola nzima yenye majeshi kuanzia Manchuria hadi visiwa vya Pasifiki. Huwezi kulaza chini bunduki za mamilioni mahali pamoja, kwa hiyo karatasi inabeba kazi ya uwanja. Maandalizi yake yalifanyika Manila kuanzia tarehe 19 Agosti 1945, baada ya wajumbe wa Kijapani kusafiri kwa ndege zilizopakwa rangi nyeupe na misalaba ya kijani ili zisitunguliwe. Tarehe 2 Septemba, juu ya meli Missouri katika ghuba ya Tokyo, shughuli ilianza saa tatu na dakika 2 asubuhi ikaisha dakika 23 baadaye. Wajapani walikuwa 11. Shigemitsu, waziri wa mambo ya nje, alitia saini kwa niaba ya mfalme na serikali, Jenerali Umezu kwa niaba ya makao makuu ya jeshi. Saini mbili, kwa sababu Washirika hawakutaka baadaye jeshi lidai kwamba raia ndio waliosalimu. Upande wa pili walitia saini kumi: Jenerali MacArthur wa Marekani kama mkuu wa wote, kisha mataifa tisa.

Na pamoja na maandalizi yote hayo, waliharibu. Waingereza walikuwa wametoa meza nzuri ya mahogani, lakini hati zilipoletwa ikaonekana ni ndogo, ikabidi mabaharia wakimbilie chini kuleta meza yao ya kulia chakula na kuifunika kitambaa cha kijani. Hati zilikuwa nakala mbili, ya Washirika na ya Wajapani. Kanali Cosgrave wa Kanada, alipofika kwenye nakala ya Wajapani, alitia saini mstari mmoja chini ya ule uliokuwa wake. Mfaransa akashuka, Mholanzi akashuka, na mwakilishi wa New Zealand akakuta hakuna mstari uliobaki, akaandika pembezoni. Wajapani walipoitazama walikataa kuichukua ikiwa hivyo. Jenerali Sutherland, msaidizi mkuu wa MacArthur, akakata majina ya nchi yaliyokaa vibaya, akayaandika upya kwa mkono mahali pake na kuweka vifupisho vya jina lake. Karani yeyote wa mahakama angewaambia wachore mshale mwembamba wa penseli mbele ya kila mstari.

Hati ile pia haikumaliza kazi. Iliyofanya kazi ni Amri ya Jumla Namba 1, iliyotamka nani asalimu kwa nani: walio kaskazini mwa mstari wa 38 Korea kwa Wasovieti, walio kusini mwake kwa Wamarekani, walio Uchina kwa Chiang Kai-shek, kiongozi wa Uchina, na kadhalika. MacArthur aliagiza hakuna kusaini popote kabla ya Missouri, na ndiyo maana Singapore ilingoja hadi tarehe 12 Septemba.

Upanga, basi, ulitoka wapi vichwani mwa wanafunzi? Huenda ni Singapore hiyo hiyo na Saigon. MacArthur aliona kukabidhiana panga ni mambo ya kale. Mountbatten wa Uingereza, aliyekuwa na eneo la Kusini-Mashariki mwa Asia, alishikilia kwamba maofisa wa Kijapani wakabidhi panga hadharani, mbele ya askari wao, ili asije mtu akasema kesho kwamba jeshi halikushindwa. Jemadari Terauchi, mkuu wa Wajapani wa eneo hilo, alikuwa mgonjwa siku ya Singapore, akasaini Jenerali Itagaki badala yake. Panga zake mwenyewe alizikabidhi Saigon mwishoni mwa Novemba. Kwa maoni yangu Mountbatten alikuwa na hoja: upanga kwa ofisa wa Kijapani ulikuwa na uzito ambao kwa Mjerumani wa porini, mwenye viraka magotini, haukuwapo kabisa.

Kinyume cha kudhalilisha ni heshima za vita. Mei 1941 huko Amba Alagi, Ethiopia, Waitaliano waliozingirwa waliruhusiwa kutoka na silaha mkononi, wakapita mbele ya gadi ya heshima ya waliowashinda, na baada ya kupita ndipo wakaziweka chini. Mkuu wao, Duke wa Aosta, alipelekwa Kenya kama mateka, akafa Nairobi Machi 1942, na kaburi lake liko Nyeri. Mshindi hutoa heshima hizo kwa hesabu, si kwa upole tu: ngome inayojua itatendewa hivyo husalimu wiki moja mapema, na wiki moja ni watu wengi.

Wanafunzi watauliza pia kuhusu vita vyetu vya Kagera. Hapakuwa na hafla. Kampala iliangukia mikononi mwa JWTZ na Waganda waliopigana nao tarehe 11 Aprili 1979, Amin akakimbia, na hapakubaki mwenye mamlaka ya kusimama mbele ya bendera. Vita vingi huisha hivyo.

Sasa lile nililosema litarudi. Baada ya gwaride la Abercorn, askari waliokuwa wamenyang'anywa silaha wakati Wazungu wao wamebaki na zao walifungiwa ndani ya boma la miiba, dogo kwa idadi yao. Wakakasirika, na ugomvi ukazuka kati yao na askari wa KAR. Lettow-Vorbeck alilalamika kwamba watu wake hawakuahidiwa kufanywa mateka. Walivushwa ziwa Tanganyika hadi Kigoma, kisha kwa treni. Wajerumani walishuka Dar es Salaam, askari wakazuiliwa Tabora, na homa ya mafua ya mwaka ule ikawakuta humo kambini. Mishahara walikuwa wanadai ya muda mrefu. Waingereza walikataa kuitanguliza, ikabidi maofisa waandike vyeti, jina kwa jina, vinavyoonyesha kila mtu anadai nini. Serikali ya Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa wazee waliobaki hai ilikuwa mwaka 1964.

Kwa hiyo meza mnayoitaka ipo, Mwalimu, ila si ya majenerali. Iwekeni mwishoni, bunduki zikiwa bado zimelala uwanjani: karani mmoja, daftari, foleni ndefu ya askari, na kila mmoja anataja jina lake, kombania yake na miezi anayodai.